Ubongo unavyozidai kilo ulizopunguza

Watu wengi wanaojitahidi kupunguza uzito huupunguza kweli. Tabu huja baadaye, pale kilo zinapoanza kurejea moja moja mpaka mizani inasoma pale pale ilipokuwa, au kuzidi. Hapo ndipo maneno huanza: amelegea, hana nia, anakula kwa siri. Nataka kueleza kinachoendelea kichwani mwa mtu huyu, maana tukikielewa tutaacha kumwonea, na tutajua la kufanya katika kipindi ambacho wengi huachwa wapambane peke yao.

Kuna dawa ya kisukari iitwayo canagliflozin. Kazi yake ni kuzifanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, dozi ya miligramu 300 humtoa takribani gramu 90 za sukari kwa siku, sawa na kalori 360. Mtu hahisi kwamba anapoteza nishati. Hajabadilisha chakula wala hajaanza kukimbia. Kwa hesabu ya karatasini angeendelea kupungua mwezi baada ya mwezi. David Polidori, Kevin Hall na wenzao walizichambua takwimu za wagonjwa waliotumia dawa hii kwa wiki 52, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Uzito ulishuka kilo nne hivi, kisha ukasimama, ingawa sukari iliendelea kutoka kila siku. Wagonjwa walikuwa wameongeza chakula bila kujijua. Watafiti walipopiga hesabu, waliona kwamba kila kilo iliyopungua ilipandisha hamu ya kula kwa takribani kalori 100 kwa siku, ilhali matumizi ya nishati mwilini hushuka kwa kalori 20 hadi 30 tu kwa kila kilo.

Ziweke namba hizo mbili akilini. Aliyepunguza kilo 10 anatumia kalori 200 hadi 300 pungufu kwa siku, na wakati huohuo njaa inamsukuma ale kalori 1,000 zaidi ya alivyokuwa akila kabla hajaanza. Hizo ni kama chapati tatu au nne za mafuta, kila siku, juu ya mlo wake wa zamani. Mitaani tunazungumza sana habari ya mwili "kuzoea" na kuunguza mafuta polepole. Hilo lipo, lakini njaa ndiyo yenye nguvu zaidi, na njaa hutengenezwa kwenye ubongo.

Sehemu inayohusika zaidi ni haipothalamasi, iliyo chini kabisa katikati ya ubongo, yenye uzito wa gramu 4 hivi. Ndani yake kuna makundi mawili ya seli za neva yanayofanya kazi kinyume. Seli za AgRP zikiwaka, mtu hutafuta chakula, hupunguza mwendo na hata joto la mwili hushuka. Seli za POMC zikiwaka, hushiba na mwili hutumia nishati kwa uhuru. Ishara za makundi yote mawili hukutana kwenye kipokezi kimoja, yaani sehemu ya seli inayopokea ishara, kiitwacho MC4R. Watoto wanaozaliwa na jeni mbovu ya kipokezi hiki huwa na njaa kali tangu utotoni, na hiyo ndiyo sababu inayojulikana kuwa ya kawaida zaidi ya unene unaotokana na jeni moja.

Seli hizi hujuaje kama mwili una akiba? Jibu lilianzia Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 1949 katika Maabara ya Jackson walionekana panya wanene kupita kiasi, na mwaka 1966 likapatikana kundi la pili, wanene na wenye kisukari kikali. Mwanabiokemia Douglas Coleman aliwaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji, ubavu kwa ubavu, ili damu ya mmoja ipite kidogo kwa mwenzake. Panya wa kawaida aliyeunganishwa na mwenye kisukari aliacha kula akafa kwa njaa, chakula kikiwa mbele yake. Panya mnene wa kundi la kwanza alipounganishwa na mwenye kisukari, naye aliacha kula akafa. Lakini huyo mnene alipounganishwa na panya wa kawaida, alipunguza kula na unenepaji ukapungua. Coleman akatoa hitimisho lake mwaka 1973: kundi la kwanza halina ishara fulani ya shibe kwenye damu, na kundi la pili linayo kwa wingi lakini haliwezi kuipokea.

Ishara yenyewe ilipatikana Desemba 1994, maabara ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ni homoni inayotolewa na mafuta ya mwili yenyewe, ikaitwa leptini. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa nyingi. Yakipungua, leptini hushuka, na haipothalamasi husoma kushuka huko kama dalili ya baa la njaa.

Uthibitisho kwa binadamu ulikuja 1997, Cambridge, Uingereza. Kikundi cha Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi kilieleza kuhusu watoto wawili, mabinamu, waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini: msichana wa miaka 8 mwenye kilo 86, na mvulana wa miaka 2 mwenye kilo 29. Msichana alipoanza sindano za leptini akiwa na miaka 9 alikuwa na kilo 94.4. Baada ya miezi 12 alikuwa amepungua kilo 16.4. Hakuna aliyemfundisha nidhamu ya kula. Aliongezewa homoni iliyokosekana, njaa ikatulia.

Bahati mbaya dawa hiyo haiwasaidii wanene wengi, kwa sababu leptini wanayo tele na ubongo wao umepunguza usikivu. Leptini ina nguvu hasa inapopungua. Ndiyo maana jaribio la Michael Rosenbaum na Rudolph Leibel la mwaka 2005 lina uzito mkubwa kwangu. Waliwachukua watu waliokwisha kupunguza asilimia 10 ya uzito, wakawarudishia leptini kwa kiwango kilichokuwapo kabla, na matumizi ya nishati yaliyokuwa yameshuka yakapanda tena. Kwa maneno mengine, mtu aliyetoka kilo 100 hadi 85 anaweza kuonekana mwenye mwili wa kutosha, huku ubongo wake ukimhesabu kama mtu aliyenyimwa chakula.

Leptini ni taarifa ya akiba ya wiki na miezi. Taarifa ya mlo uliopo mezani hupita njia nyingine. Tumbo likitanuka, neva ya vagasi hupeleka habari kwenye shina la ubongo. Mafuta na protini zikifika utumbo mwembamba, hutolewa homoni za shibe, zikiwamo CCK, PYY na GLP-1. Shughuli hiyo huchukua dakika 15 hadi 20, na mlo unaoliwa kwa dakika tano humalizika kabla ubongo haujapata habari.

Juu ya hayo kuna mfumo wa raha unaotumia dopamini, kemikali ya ubongo. Ndio unaomfanya mtu aliyeshiba wali atamani keki. Mwaka 2019 Kevin Hall aliwaweka watu wazima 20 kwenye wodi ya utafiti ya taasisi za afya za taifa huko Bethesda, Marekani. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa. Vyakula vilivyotengwa mezani vililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na protini, na kila mtu alikula apendavyo. Kwenye vya kiwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka kilo 0.9. Pia walikula kwa kasi zaidi, kwa sababu vyakula hivyo ni laini na havihitaji kutafunwa sana. Ninapoona biskuti, soda na soseji zikichukua nafasi ya mihogo, kunde na samaki kwenye mikoba ya watoto wa shule, huwa nafikiria wodi ile.

Sasa sukari ya damu, maana ubongo una mkono huko pia. Mwaka 1849 Mfaransa Claude Bernard alichoma sindano sakafu ya ventrikali ya nne (uwazi wenye maji) ya ubongo wa sungura, na muda mfupi baadaye sukari ikatokea kwenye mkojo. Leo tunajua kwamba ubongo huliamrisha ini, kupitia neva na homoni, lini liachie sukari na lini lizuie. Mwenye kisukari aliyelala saa tatu usiku akiwa na sukari ya 7.2 mmol/L na kuamka na 9.8 bila kula chochote hushangaa, na mara nyingi nyumbani huambiwa alikula usiku. Kuanzia kama saa kumi alfajiri, saa ya ubongo huamuru kotisoli na homoni ya ukuaji zipande ili kuuandaa mwili kuamka, na ini hutoa sukari. Asiye na kisukari huongeza insulini kidogo, mambo yakaisha. Mwenye kisukari hana ziada hiyo.

Njia ya kulichunguza ni rahisi. Kwa usiku mbili au tatu, pima wakati wa kulala, saa tisa usiku, na unapoamka. Ikiwa saa tisa usiku sukari ni ya kawaida na asubuhi imepanda, chanzo ni ini na saa ya alfajiri. Ikiwa saa tisa usiku iko chini ya 4, dozi ya jioni ya insulini au glibenclamide (kidonge cha kisukari) huenda ni kubwa mno, na kuiongeza kwa kuangalia namba ya asubuhi peke yake ni hatari. Peleka namba zote tatu kwa daktari.

Kabla ya kuzungumza chakula, angalia dawa. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na huumiza watu wasio na kosa. Olanzapine na clozapine zinazotumika kwa magonjwa ya akili hugusa vipokezi vya njaa moja kwa moja. Sodium valproate ya kifafa, amitriptyline, prednisolone inapotumika muda mrefu, insulini, glibenclamide, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, zote zinaweza kuongeza uzito. Dolutegravir, iliyomo kwenye ARV zinazotumika zaidi Afrika Mashariki, nayo imeonyesha ongezeko la uzito kwenye majaribio ya Afrika Kusini, zaidi kwa wanawake. Usiache hata moja kati ya hizi kwa uamuzi wako. Ukiacha ya kifafa unaweza kupata degedege zisizokoma, na ukiacha ARV virusi hurudi. Andika tarehe uliyoanza kila dawa na uzito wako wakati huo, umpelekee anayekutibu, aone kama kuna mbadala.

Kipimo cha kuanzia ni kiuno, kwa sababu mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayolielemea ini. Tumia futi ya fundi cherehani. Simama wima bila nguo nzito, tafuta kwa vidole mbavu ya chini kabisa na sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga, pitisha futi katikati ya alama hizo mbili, toa pumzi kawaida, kisha soma. Wengi hupima kwenye mkanda wa suruali, chini ya kitambi, wakapata namba ya kuwafariji. Kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke hatari inaongezeka. Kipimo kingine chepesi ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Kwa sukari, 7.0 au zaidi asubuhi kabla ya kula, ikirudiwa siku nyingine, ni kisukari. Mwenye selimundu asitegemee HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kwa kuwa chembe zake nyekundu huishi muda mfupi na kipimo husoma chini ya ukweli.

Kwenye chakula, lengo langu ni kuupa ubongo ishara za shibe kwa kalori chache. Vinywaji ndivyo vya kwanza kuondoka. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hivi za sukari kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya nusu lita ni gramu 50, kalori 200, na mtu atakula ugali uleule kama vile hakunywa kitu. Juisi ya miwa au ya embe iliyotiwa sukari ni mle mle. Kisha protini, ambayo hushibisha kuliko wanga na mafuta na hulinda misuli. Anayepunguza uzito alenge gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito unaofaa kwa urefu wake. Kwa uzito huo ukiwa kilo 65, ni gramu 78 kwa siku: mayai mawili asubuhi (gramu 13), kikombe cha maharage yaliyopikwa mchana (15), gramu 50 za dagaa wakavu (30), na samaki wa gramu 100 jioni (20 au zaidi). Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Anza na mboga na kitoweo, wanga uje mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Chai ya sukari na maandazi matatu asubuhi hufanya kinyume cha haya yote, na njaa ya saa nne hutokana na kifungua kinywa hicho.

Usingizi nauweka sawa na chakula. Mwaka 2022 Esra Tasali na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua watu 80 wenye uzito uliozidi waliolala chini ya saa 6.5, wakawasaidia nusu yao kuongeza saa 1.2 hivi kwa usiku. Hawakuambiwa chochote kuhusu chakula, lakini ulaji wao ulishuka kwa takribani kalori 270 kwa siku. Anayekoroma kwa nguvu, anayekatika pumzi usiku na kusinzia mchana achunguzwe, kwani kulala mapema hakutamtosha.

Tufike kwenye sindano zinazozungumzwa kila mahali, semaglutide na tirzepatide, zinazoiga homoni ya shibe ya GLP-1. Wengi hudhani zinayeyusha mafuta. Kazi yake kubwa ya kupunguza uzito hufanyika kwenye ubongo: panya walioondolewa kipokezi cha GLP-1 kwenye seli za neva hawapungui wakipewa liraglutide, dawa ya jamii hiyohiyo. GLP-1 ya asili huvunjwa ndani ya dakika mbili hivi, semaglutide hudumu wiki. Kwenye jaribio kubwa lililochapishwa 2021, waliotumia miligramu 2.4 kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9, dhidi ya 2.4 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa.

Dozi ya semaglutide hupandishwa ngazi kwa ngazi: miligramu 0.25 mara moja kwa wiki kwa wiki nne, kisha 0.5, 1, 1.7, hadi 2.4, kila ngazi wiki nne. Kinachoharibu zaidi ni haraka. Eneo la shina la ubongo linaloleta kichefuchefu lina vipokezi vilevile, na anayeruka ngazi hutapika, hukaukiwa maji, na figo zinaweza kuumia. Kichefuchefu kikikushika, baki kwenye ngazi uliyopo, kula kidogo kidogo na punguza vyakula vya mafuta. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, yanaweza kuwa kuvimba kwa kongosho au mawe ya nyongo. Anayetumia pia insulini au glibenclamide apunguziwe dozi mapema, la sivyo sukari itamshuka. Mwenye kisukari cha siku nyingi apimwe macho kwanza. Mjamzito asitumie, na anayepanga mimba aache semaglutide miezi miwili kabla. Aliye na historia ya saratani ya medula ya tezi ya shingo, yeye au ndugu yake wa damu, hazimfai kabisa.

Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kalamu inayouzwa kwa ujumbe wa simu bila cheti cha daktari usiinunue, hata kama muuzaji ni jirani. Hata kalamu halisi huharibika. Ambayo haijaanza kutumika hukaa friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya kugandisha, na ikiganda hutupwa. Iliyoanza kutumika ina muda wake wa kukaa nje ulioandikwa kwenye kikaratasi, kwa sharti la joto lisizidi nyuzi 30. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari huvuka nyuzi hizo kwa urahisi, kwa hiyo irudishe friji hata kama imeshafunguliwa.

Ukiacha sindano, ubongo hudai vilevile kama baada ya kujinyima. Washiriki wa jaribio lile waliofuatiliwa walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja wa kuacha. Kwa hiyo asiye na uwezo wa kuimudu dawa kwa miaka ajue hilo kabla hajatoa pesa yake ya kwanza, na anayeianza azungumze na daktari mapema kuhusu dozi ndogo ya kudumisha.

Na kwa yeyote aliyepungua, kwa dawa au bila dawa, mwaka wa kwanza baada ya kupungua uhesabiwe kuwa matibabu yanaendelea, na miadi ya kliniki isikatwe. Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kutoka haja na kabla ya kunywa chai. Kupanda kilo moja kunaweza kuwa maji au chumvi. Kilo mbili zikikaa wiki mbili mfululizo, pitia vitu vinne kwa mpangilio huu: dawa mpya, usingizi, vinywaji, protini. Fanya mazoezi ya kubeba uzito mara mbili kwa wiki, hata kama ni madumu ya maji ya lita tano, kwa kuwa misuli iliyopotea ndiyo iliyokuwa ikitumia nishati. Ukiyapitia yote manne na kilo bado zinapanda, rudi kliniki zikiwa mbili, usisubiri zifike kumi.